Nguzo za ukuta haziko unapotaka TV? Tanguliza plaiwudi
Ukuta wa jipsamu haubebi TV. Zinazobeba ni nguzo za mbao zilizo nyuma yake. Zikikaa vibaya, usikimbilie plagi za plastiki za kushikilia skrubu ukutani. Kata plaiwudi ya milimita 18 inayofika nguzo mbili au tatu, uikaze kwa skrubu zinazozama angalau sentimita 4 ndani ya mbao. Breketi, yaani kishikizo cha TV, utaifunga popote juu yake, TV ikae katikati. Boliti zake zipitishe kutoka nyuma kabla hujaipandisha plaiwudi, vichwa vizamishwe. Skrubu fupi siziamini kwa TV nzito. Nguzo zitafute kwa sumaku, itanasa kwenye skrubu zinazoshika jipsamu kwenye nguzo. Na kagua nyaya za umeme kabla ya kutoboa, hasa usawa wa soketi.