Cheti cha usimamizi wa elimu New Jersey: hesabu krediti kabla ya kujiandikisha

Mwezi uliopita nilikaa jioni tatu na mwalimu mwenzangu tukipanga maombi yake ya cheti cha usimamizi, kile anachotakiwa kuwa nacho mtu anayetaka kuongoza kazi ya walimu au kusimamia mitaala katika shule za umma za New Jersey, Marekani. Alikuwa na shahada ya uzamili ya elimu kutoka nje ya nchi, akaamini mlango uko wazi. Haukuwa.

Hatua ya 1: Miaka. Mitatu ya kufundisha, ukiwa na cheti halali cha ualimu. Mazoezi ya kufundisha ya chuoni hayamo.

Hatua ya 2: Shahada. Uzamili au zaidi, kutoka chuo chenye ithibati.

Hatua ya 3: Krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa kozi za chuo. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu krediti hizi ni sharti la peke yake. Kuwa na uzamili hakukuondolei. Angalau 3 ziwe za usimamizi wa walimu, 3 za uandaaji wa mitaala, na zote mbili zihusu ngazi zote, kuanzia awali hadi darasa la 12. Zilizobaki zitoke katika nyanja hizo hizo. Kozi za shahada ya kwanza hazihesabiwi, wala semina za kazini, hata ukihudhuria ishirini.

Usidanganywe na jina la kozi. Mwenzangu alikuwa na "Uongozi wa Shule", tukaiweka kwenye usimamizi. Tulipofungua muhtasari wake tukakuta bajeti na sheria tupu. Kumtazama mwalimu darasani na kumpa mrejesho hakumo kabisa. Kwa hiyo tafuta mihtasari ya kozi zote mapema, uichambue mada kwa mada. Mimi nachora jedwali kwa mkono: kozi, krediti, sharti, ushahidi. Sharti lisilo na ushahidi halijatimia.

Kama ulisoma nje, shahada yako lazima itathminiwe, na tathmini iwe ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla inasema tu kwamba shahada yako inalingana na uzamili, krediti haizionyeshi. Mwenzangu alilipia ya jumla, akalazimika kuanza upya na kungoja chuo chake kitume matokeo mara ya pili.

Ukipungukiwa, usirudie uzamili mzima. Jiunge na programu fupi ya kozi nne za uzamili, na kabla ya kulipa ada kiandikie chuo kikujibu kwa maandishi kama kozi hizo zinatimiza masharti ya cheti. Ningechagua ile inayokufanyisha mzunguko kamili: kikao na mwalimu kabla ya somo, kuketi darasani, kisha mazungumzo baada ya somo. Msimamizi asiyewahi kufanya hivyo huwaumiza walimu.

Hatua ya 4: Tuma maombi. Chuo kipeleke matokeo, na waajiri wako wa zamani wathibitishe miaka uliyofundisha. Waombe hao kwanza, maana ndio huchelewa kuliko wote.