Kuingia laini ya kuunganisha magari kiwanda kinapoongeza zamu

Nchini Kenya viwanda vya kuunganisha magari vinavyojulikana zaidi ni Isuzu East Africa jijini Nairobi, KVM (Kenya Vehicle Manufacturers) mjini Thika na AVA (Associated Vehicle Assemblers) mjini Mombasa. Magari hufika yakiwa vipande ndani ya makasha. Oda zikizidi, kiwanda huongeza zamu, na nafasi nyingi hufunguka kwenye laini, si ofisini.

Tangulia na karatasi, maana ndizo huchelewesha watu: kitambulisho, PIN ya KRA ya kodi, namba za NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya), na cheti cha maadili mema unachoomba kupitia eCitizen kabla ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Fundi aliyejifunzia jua kali afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Gredi ya tatu ndiyo ya kuanzia, na inatosha kumfungulia mlango asiye na diploma.

Kinachowaangusha wengi ni jaribio la vitendo. Mchomeleaji aliyezoea mageti hulitoboa bati la gari, kwa kuwa unene wake ni takriban milimita 0.7 hadi 1 tu. Fanya mazoezi kwa mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, na waya wa milimita 0.8: piga nukta moja, ruka mbali, kisha rudi katikati bati likishapoa. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati hujikunja na mlango hautakaa sawa. Kwenye mashine ya kuchomelea kwa nukta, kagua ncha za shaba kila mara. Zikishakuwa bapa, umeme hutawanyika; nukta huonekana nzima, lakini ukiipima kwa patasi inaachia.

Kwa kazi ya kufunga sehemu, jifunze spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza. Vuta polepole hadi ilie, uache hapo. Kuvuta mara ya pili ili kuhakikisha kunaipitisha boliti kipimo. Nati za gurudumu kaza kwa kupishana, usifuate mzunguko.

Ukiitwa, soma mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na kipindi cha majaribio kazini kisizidi miezi 6, labda ukubali mwenyewe kuongezewa. Kibarua naye, siku zake za mfululizo zikifika mwezi, huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi; kwa hiyo andika siku zako na tunza kila ushahidi wa malipo. Miwani, glovu na buti ni juu ya mwajiri. Anayedai chai langoni ili akupitishe, usimpe hata shilingi.