Kachori, bajia na dengu za ukwaju kabla ya kipenga: vitafunio vya Kihindi kwa wageni waliokuja kutazama mpira

Anayewaalika wenzake nyumbani kutazama mpira ana shida moja ambayo mwenye mgahawa hana: mpishi mwenyewe naye anataka kutazama. Kila kipindi kina dakika 45, mapumziko ni dakika 15, na mwamuzi hamsubiri mtu ambaye mafuta yake hayajapata moto. Jambo hili nilijifunza siku nilipokuwa jikoni nikigeuza bajia wakati bao pekee la mchezo lilipofungwa, nikalijua kwa kelele za jirani kabla ya wageni wangu kushangilia, kwa sababu redio yake ilikuwa mbele ya king'amuzi chetu. Tangu hapo napanga kazi ya vitafunio kwa kufuata saa ya mchezo, na mwongozo huu nao umepangwa hivyo. Nitachukulia kwamba mchezo unaanza saa 11:00 jioni na kwamba wageni ni 12. Mwenye wageni wengi au mchezo wa usiku atasogeza hesabu zake mwenyewe.

Vitafunio nilivyovichagua vinauzwa mitaani nchini India, hasa Mumbai na Gujarat, na vingi vyao vilivuka bahari zamani hata vikapata majina ya Kiswahili. Ipo tofauti moja ya majina inayofaa kujulikana kabla ya kutafuta mapishi yao. Kachori ya India ni andazi la unga wa ngano lililojazwa dengu au choroko zenye viungo, ilhali donge la viazi lililovikwa rojo la unga wa dengu, ambalo sisi ndilo tunaloliita kachori, watu wa Mumbai huliita batata vada. Neno batata walilipata kwa Wareno, kama sisi tulivyopata mbatata. Donge hilo likiwekwa ndani ya mkate mdogo wa mviringo huitwa vada pav, chakula ambacho kwa kawaida sifa ya kukianzisha hupewa Ashok Vaidya, aliyekuwa na kibanda nje ya kituo cha reli cha Dadar mwaka 1966. Kwetu skonzi laini zinafanya kazi ya mkate ule bila tatizo lolote, na kachori ndani ya skonzi ndiyo itakayobeba karamu yetu, kwa kuwa huliwa kwa mkono mmoja bila kuondoa macho kwenye runinga.

Vyote nitakavyovieleza havina nyama. Katika mji kama Dodoma, ambako watumishi wamehamia kutoka kila mkoa na sebule moja hukusanya watu wa dini na miiko mbalimbali, chakula cha namna hii kinaondoa maswali mengi mezani, na pia kinapunguza gharama.

Manunuzi

Kwa wageni 12 nunua viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji vyekundu kilo 1, dengu kavu nusu kilo, unga wa dengu kilo 1, ukwaju gramu 200, kotmiri vishada vinne, ndimu 10, skonzi 24 na mafuta ya kukaangia lita 2. Viazi na vitunguu, ambavyo vile vya Singida ndivyo ninavyovipenda kwa bajia, vinapatikana kwa wingi Soko Kuu la Job Ndugai kule Nzuguni, na viungo vidogovidogo, yaani bizari nyembamba, binzari manjano na mbegu za haradali, huvipata Soko la Majengo. Unga wa dengu ukikosekana madukani, nunua dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, uzisagishe mashineni na kuuchekecha unga wake mara mbili. Ila hakikisha mashine imesafishwa kwanza, kwa maana iliyotoka kusaga mahindi itakuchanganyia unga na rojo lako halitashika.

Kuhusu mafuta, ya alizeti ndiyo ya kwetu na yanafaa kabisa, lakini yale yanayokamuliwa mitaani bila kusafishwa vizuri yana mashapo yanayoungua mapema na hutoa povu karai likijaa. Kama hayo ndiyo uliyonayo, yaache yatulie siku mbili kisha umimine ya juu tu.

Usiku wa kuamkia siku ya mchezo

Loweka dengu katika maji mengi kwa saa 10 hadi 12. Dengu zetu zinazolimwa Kanda ya Ziwa ni zile ndogo za kahawia zenye ngozi ngumu, kwa hiyo usijaribu kuzifupishia muda huu.

Usiku huohuo pika chatini ya ukwaju, ambayo huwa tamu zaidi ikilala. Mimina vikombe viwili vya maji ya moto juu ya ukwaju, uuache kwa nusu saa, uuvuruge kwa mkono kutenganisha kokwa, kisha uchuje. Rudisha maji yake jikoni pamoja na gramu 150 za sukari guru, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha pilipili ya unga na chumvi, uchemshe kwa moto mdogo kwa dakika 15 hivi hadi iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania mgongo wa kijiko. Wahindi wengi huongeza tende. Mimi, msimu wa zabibu unapofika hapa Dodoma, hutia konzi mbili za zabibu nyekundu zilizopondwa na kuchujwa, nikapunguza sukari guru hadi gramu 100, na sijaona mgeni aliyelalamika.

Asubuhi na mchana

Chemsha dengu na viazi mapema, na uvipe muda zaidi ya ule unaoandikwa katika mapishi ya watu wa pwani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, hivyo chakula kinachoiva kwa kuchemshwa huchelewa. Dengu katika sufuria ya kawaida zinaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Katika sufuria ya presha nusu saa inatosha. Chumvi itiwe zikishalainika. Zikiiva, zichuje na uziweke kwenye jokofu, kwa sababu dengu zilizoachwa mezani katika joto la mchana huchacha haraka.

Viazi vichemshwe na maganda yake, vizima, kwa kuwa kiazi kilichomenywa na kukatwa hunywa maji, na kiazi chenye maji ndicho chanzo cha kachori nyingi kupasuka ndani ya mafuta. Vikiiva, vimenye vingali vya moto, uvitandaze kwenye sinia hadi mvuke uishe, kisha tenga viwili au vitatu kwa ajili ya dengu na uviponde vilivyobaki bila kuvifanya laini kupita kiasi. Vipande vidogovidogo ndani ya kachori vinapendeza.

Sasa kwenye kikaango weka vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, na yakipata moto tia kijiko kimoja cha chai cha mbegu za haradali. Zisubiri zirukeruke na kutulia, maana haradali isiyopasuka hubaki chungu. Ongeza punje nane za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole, vyote vimetwangwa, pamoja na pilipili mbichi nne zilizokatwakatwa; baada ya nusu dakika tia nusu kijiko cha binzari manjano, uepue na kumimina vyote juu ya viazi. Changanya na chumvi, maji ya ndimu mbili na kishada kimoja cha kotmiri. Onja hapa na uhakikishe viungo vimezidi kidogo, kwa sababu rojo na skonzi vitavipunguza makali. Finyanga madonge ya ukubwa wa ndimu kubwa. Utapata kati ya 25 na 30. Yafunike na uyaweke mahali pa baridi.

Chatini ya kijani isagwe sasa, wala isisubiri jioni, kwani umeme una tabia ya kukatika siku ya mchezo mkubwa. Saga vishada viwili vya kotmiri, konzi moja ya majani ya nanaa, pilipili mbichi tatu, tangawizi kidogo, maji ya ndimu mbili, chumvi na gramu 50 za karanga zilizokaangwa na kutolewa maganda. Karanga huifanya iwe nzito ili isiloweshe skonzi. Kwa anayetaka vada pav yenyewe ilivyo, iko chatini ya tatu, nayo ni kavu: kitunguu saumu, nazi kavu iliyokunwa na pilipili nyekundu, vyote vikaangwe kidogo na kutwangwa kwenye kinu pamoja na chumvi. Hii ndiyo inayomtofautisha aliyewahi kuila Mumbai na aliyesimuliwa, na singependa mtu airuke.

Anayetaka sambusa anunue manda zilizo tayari na kuzijaza viazi na njegere. Angalizo langu ni moja tu: hewa ya hapa ni kavu mno wakati wa kiangazi, manda hukauka kando na kukatika ndani ya dakika chache, kwa hiyo zifunikwe kitambaa kibichi muda wote. Ukavu huohuo lakini ni faida kwa chevda, ule mchanganyiko mkavu wa vitafunio vya kukaangwa vyenye viungo, ambayo huku hukaa siku kadhaa bila kulegea kama inavyolegea Dar es Salaam au Tanga. Sipiki chevda mwenyewe, nanunua.

Saa ya karai

Saa 9:30 alasiri kata vitunguu maji sita kwa vipande vyembamba virefu, uvinyunyizie chumvi kijiko kimoja cha chai na uviache. Baada ya dakika 15 vitakuwa vimetoa maji, na maji hayo ndiyo yatakayofanya kazi kubwa ya kushikisha unga. Tia vikombe viwili vya unga wa dengu, kotmiri iliyobaki, bizari nyembamba nusu kijiko na pilipili, uchanganye kwa vidole, ukiongeza maji kijiko kwa kijiko hadi vitunguu vishikane tu. Kosa la kawaida katika bajia za vitunguu ni kuzifanya za unga zenye vitunguu ndani yake, zikatoka nzito na zenye kukwama kooni.

Rojo la kachori ni jingine. Chekecha vikombe vitatu vya unga wa dengu, tia chumvi, robo kijiko cha binzari manjano na chembe ya magadi soda, kisha maji kikombe kimoja na nusu, kidogokidogo, ukipiga hadi mabonge yaishe. Liache dakika 10. Rojo zuri hufunika kidole bila kuonyesha ngozi na kudondoka polepole.

Saa 10:00 weka karai jikoni, lijae mafuta nusu yake, si zaidi. Dondosha tone la rojo: likizama na kuibuka baada ya sekunde mbili hivi, mafuta yako tayari, likikaa chini, bado, likigeuka kahawia papo hapo, punguza moto. Anza na bajia, kwa mafungu madogo, kisha kachori sita au saba kwa mara moja, kila fungu dakika nne hadi tano. Karai likijaa, mafuta hupoa na chakula huyanywa. Chuja juu ya wavu au karatasi ya jikoni, usitumie gazeti, kwa kuwa wino wake hushika kwenye chakula cha moto chenye mafuta.

Nusu ya kachori na bajia zitolewe zikiwa bado njano mpauko, ziwekwe kando. Hizo ni za mapumziko. Ifikapo saa 10:50 zima jiko kabisa, hata kama fungu moja limebaki, na usimwachie mtoto alisimamie karai huku wewe ukikimbilia sebuleni. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko na uzime gesi. Maji yasiguse kamwe.

Mezani na wakati wa mapumziko

Kachori za kwanza ziingie kwenye skonzi zilizopasuliwa, upande mmoja umepakwa chatini ya kijani, mwingine ya ukwaju, na ile kavu ya kitunguu saumu inyunyizwe juu. Bakuli la dengu liandaliwe wageni wakiwa wameketi: dengu, viazi ulivyovitenga vikiwa vimekatwa vipande, nyanya, kitunguu, chatini zote mbili, na konzi ya chevda juu yake. Chevda isichanganywe mapema, kwani ndani ya dakika 10 huwa imelowa. Juisi ya ubuyu iliyopozwa huenda vizuri na pilipili zote hizi, pengine kuliko soda.

Dakika ya 43 washa jiko, lakini baki hapohapo ukimsikiliza mtangazaji. Kipenga cha mapumziko kikilia, mafuta yatakuwa tayari, na zile ulizozitoa mapema zirudi kwa dakika mbili hadi tatu tu. Kukaangwa mara ya pili huzifanya kavu kwa nje kuliko zilizokaangwa mara moja. Mafungu manne yanamalizika ndani ya dakika 12.

Mafuta yakishapoa, yachuje kwa kitambaa ili kuondoa chembe za unga, uyaweke kwenye chupa iliyofungwa mbali na mwanga. Yanaweza kutumika mara moja zaidi. Yakianza kutoa povu au harufu ya kuchacha, yamwage, ila si kwenye sinki la jikoni, ambako yanaweza kuziba bomba.