Ukirudi kwenye marathoni baada ya arobaini, isikilize miguu kabla ya pumzi

Pumzi hurudi kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo kwa mtu aliyewahi kukimbia vizuri, akaacha miaka kumi au zaidi, kisha akavaa raba tena akiwa na arobaini na kitu. Baada ya wiki chache tu kifua kimetulia, mapigo ya moyo yameshuka, mwendo unaongezeka wenyewe, na kichwa kimeanza kupiga hesabu za zamani. Miguu haina habari. Moyo na damu huzoea mazoezi kwa wiki. Kano na mifupa huhitaji miezi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo miezi hiyo inavyorefuka. Karibu kila mkongwe mwenzangu, yaani mkimbiaji wa umri mkubwa kama mimi, aliyeumia akirudi, aliumia katika kipindi alichokuwa anajisikia vizuri kuliko wakati wote.

Nina miaka 49. Kabla ya watoto nilikimbia marathoni kwa saa 2:58, kisha maisha yakashika njia yake. Sasa nashindana tena kwenye kundi la umri wangu, na narudia kwamba nashindana, kwa sababu mwongozo huu si wa mtu anayetaka kumaliza tu. Kumaliza ni jambo jema, lakini maandalizi yake ni mepesi kuliko haya.

Anza kwa daktari. Kwa wanamichezo waliopita miaka 35, chanzo kikuu cha vifo vya ghafla mazoezini ni ugonjwa wa mishipa ya moyo, na rekodi zako za ujanani hazikukingi. Mweleze unachokusudia hasa, kwamba utaukimbiza mwili hadi mwisho wa uwezo wake, si kwamba "unafanya mazoezi kidogo". Kama kuna historia ya moyo katika familia, shinikizo la damu, kisukari au miaka ya sigara, ulizia kipimo cha moyo ukiwa unakimbia kwenye mashine. Pima na akiba ya chuma mwilini, siyo wingi wa damu peke yake. Akiba inaweza kuwa imekauka huku damu ikisomeka sawa. Na kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata bila sababu katikati ya mazoezi, siku hiyo mbio zimeishia hapo hapo.

Miezi mitatu ya kwanza hesabu dakika, usihesabu kilomita. Kilomita zina kumbukumbu: ukiona umeenda nane, utakumbuka kwamba zamani nane ulikuwa unazimaliza kabla jasho halijatoka, na kesho utaongeza. Dakika hazikuchokozi namna hiyo. Anza kwa kuchanganya kutembea na kukimbia, mara tatu au nne kwa wiki, siku moja katikati bila kukimbia kabisa. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao ungeweza kusimulia kisa kizima bila kukata sentensi. Saa ya mkononi itakwambia mapigo yako ya juu kabisa ni 220 ukitoa umri. Kwa watu wengi hesabu hiyo inakosea kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini, kwa hiyo mdomo ni kipimo bora kuliko saa.

Hukumu ya mazoezi ya leo hutolewa kesho asubuhi. Ukitoka kitandani, zisikilize hatua kumi za kwanza. Kano ya kisigino ikiwa ngumu kidogo kisha ikalegea kabla hujafika mlangoni, endelea na mpango kama ulivyo. Ikibaki ngumu mpaka umeshavaa na kutoka, rudia kiwango cha juzi au pumzika. Maumivu yakiwa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, hasa juu ya mfupa, na yakazidi kadiri unavyokimbia, usiyabembeleze: huo huenda ni ufa wa mfupa, na ufa wa mfupa hautibiwi kwa ujasiri.

Sehemu inayowaangusha wakongwe mara nyingi ni kigimbi. Ujanani tulikuwa tunaumia magoti. Sasa ni msuli wa ndani wa kigimbi na kano iliyo chini yake. Dawa yake ni ya kuchosha na haina fahari yoyote. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, panda juu ya vidole, shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Fanya seti tatu za mara kumi na tano goti likiwa limenyooka, kisha seti nyingine tatu goti likiwa limekunjwa, maana msuli wa ndani hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Mara ishirini na tano za mfululizo kwa kila mguu, bila kuyumba, ndicho kibali ninachodai kabla mtu hajanigusia habari ya kasi. Mimi hufanya hivi nikipiga mswaki, na watu wa nyumbani wameshaacha kushangaa.

Ongeza vyuma mara mbili kwa wiki. Siyo vile vyepesi vya kurusharusha: chuma kizito kiasi kwamba mara ya nane unaifikia kwa taabu. Chuchumaa na uzito, nyanyua chuma kutoka chini, panda juu ya boksi kwa mguu mmoja. Umri hupunguza kwanza nyuzi za misuli zenye nguvu na kasi, na kukimbia polepole hakuzirudishi. Mtu akiniambia hana muda wa vyuma, humwambia apunguze mbio moja kwa wiki. Hapo hunitazama kama nimetukana.

Kwa wanawake wenzangu kuna jambo ambalo makocha wengi hulipita kimya. Ukomo wa hedhi hauji siku moja. Miaka kadhaa kabla yake hedhi huweza kuwa nzito na kukomba akiba ya chuma mwilini, joto hupanda usiku na kuvunja usingizi, na homoni ya estrojeni inapopungua mifupa huanza kupoteza uzito wake kwa kasi. Mwendo wako unaweza kuporomoka bila wewe kukosea chochote mazoezini. Usijibu kwa kukimbia zaidi. Pima chuma, zungumza na daktari kuhusu mifupa na tiba ya homoni, kula protini ya kutosha kila mlo, na usiku ukiwa mbovu hamisha zoezi gumu lije kesho kutwa. Usijinyime chakula ili uwe mwepesi. Kwa umri huu njaa huishia kwenye mfupa.

Miguu ikishatoa kibali, ndipo kasi iingie, na iingie kupitia mlima. Mbio fupi za kupanda, sekunde kumi mpaka kumi na tano kila moja, huku unashuka kwa kutembea, hujenga nguvu bila kishindo kikubwa cha tambarare. Baada ya hapo achana na wiki ya siku saba. Wiki ilipangwa kwa ajili ya kazi na ibada. Misuli ya mtu wa miaka arobaini na tano haikushauriwa. Mimi hutumia mzunguko wa siku tisa: siku moja ngumu, mbili za kujivuta au kupumzika, kisha tena na tena. Siku ngumu tatu za mzunguko ni kasi, mwendo wa marathoni, na mbio ndefu. Kwa kasi, vipande vya dakika tatu hadi tano vinatosha. Mbio za mita 200 kwa nguvu zote waachie wenye miaka ishirini. Mbio ndefu ipande taratibu mpaka saa mbili na nusu, mara chache karibu saa tatu, na zile za mwishoni uzimalizie kwa nusu saa ya mwendo utakaoshindania.

Kuhusu lengo, chukua jedwali la viwango vya umri la riadha ya wakongwe, linaloonyesha muda wako una thamani gani kwa umri wako, uweke muda wako wa zamani na wa sasa upande kwa upande. Ile 2:58 yangu ya zamani na 3:14 ya karibuni zikipimwa kwa umri, ya pili ndiyo bora. Tafuta pia mifano inayofanana na safari yako. Mariko Yugeta wa Japani alikimbia ujanani, akalea watoto wanne, akashuka chini ya saa 3 kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 58. Mwaka 2021, akiwa na 62, alikimbia 2:52:13. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa na miaka 41 alipokimbia 2:04:15 London mwaka 2024, lakini yeye hakuwahi kuacha, kwa hiyo mfurahie bila kumwiga.

Kabla ya marathoni yenyewe kimbia nusu marathoni ya mashindano, wiki nne au tano kabla. Zidisha muda huo mara mbili, ongeza dakika kumi. Muda huo ndio unaokupa mwendo wa kuanzia. Mwenye miguu iliyorudi karibuni akiongeza dakika saba tu anakopa, na kilomita ya 32 hudai kwa ukali. Viatu vyenye kibao cha kaboni ndani ya soli vinasaidia, ila huhamishia mzigo sehemu nyingine za mguu, basi vizoee taratibu kwenye mazoezi ya kasi. Tumia wanga gramu 60 kwa saa kama tumbo limefundishwa, ukianza mapema kabla hujahisi haja yake. Kunywa kwa kiu. Kunywa maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na kunaweza kuua. Dawa za maumivu kama ibuprofen usizimeze kabla wala katikati ya mbio, figo zinakuwa na kazi ya kutosha siku hiyo.

Ukishamaliza, usikimbie kwa siku kumi, hata kama siku ya nne unajiona mzima. Tembea, ogelea, lala. Mazoezi ya ngazi yarudi wiki ya pili, mbio za polepole wiki ya tatu, na kasi isirudi kabla mwezi haujaisha. Kujiandikisha mashindano mengine kusubiri mpaka zile hatua kumi za asubuhi ziwe nyepesi tena.