Namna ya Kutambua Mguso na Hisia katika Manukato ya Jamii ya Machungwa

Manukato yanayojengwa juu ya chungwa, limau, ndimu, chenza, balungi au danzi hudhaniwa kuwa ya aina moja: mepesi, ya asubuhi, yasiyokaa mwilini. Muuzaji wa dukani hapa Mwanza atakupulizia chupa tatu mfululizo, zote akiziita freshi, nawe utatoka bila kujua zilitofautiana wapi. Hata hivyo, moja huingia puani kwa ukali mkavu, nyingine ina unyevunyevu na utamu wa tunda lililokatwa sasa hivi, na ya tatu ina uchungu na ungaunga wa ule utando mweupe wa ndani ya ganda. Huo ndio mguso wa harufu, na hisia unayoipata, iwe ya uchangamfu, utulivu au hata huzuni kidogo, hutegemea mguso huo kuliko inavyotegemea jina la tunda lililoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kugusa chupa yoyote, jifunze kwa matunda yenyewe. Nunua chungwa ambalo halijamenywa, na hili nalisisitiza kwa sababu wauza machungwa wa stendi humenya ganda la nje lote kwa kisu, kwa mkanda mmoja mwembamba unaozunguka tunda, wakabakiza utando mweupe tu. Kile kinachoangukia ndooni ndicho mtengeneza manukato anachokitafuta. Rangi ya kijani isikutie shaka, kwani katika nchi za joto chungwa huiva huku ganda likibaki na ukijani wake, usiku ukiwa haupoi vya kutosha kuiondoa rangi hiyo. Kunja kipande cha ganda, upande wa nje ukielekea mwali wa mshumaa, kisha ukibinye kwa nguvu: utaona cheche ndogo zikiruka. Hayo ni mafuta ya ganda, ambayo katika chungwa tamu zaidi ya asilimia 90 ni limonini, kemikali nyepesi inayoshika moto kwa urahisi na inayogeuka mvuke upesi. Wepesi huo ndio unaoifanya harufu ipande puani papo hapo, na ndio unaoifanya itoweke mapema, hasa kwenye ngozi yenye joto.

Kisha nusa sehemu moja moja: ganda lililokwaruzwa kwa ukucha, utando mweupe, na jani lililopondwa kama una mti karibu. Andika neno la mguso, si jina la tunda: kavu, nyevu, ya mafuta, kali, laini, ya unga. Weka ganda la limau kando ya jani la mchaichai, vyote vikiwa na sitrali, kemikali yenye harufu ya limau, nawe utasikia kwamba mchaichai una ukali wa majani ilhali limau lina mng'ao. Balungi lina chembe za salfa, kidogo mno, zinazoipa harufu yake uchachu unaokaribia jasho; wapo wanaoichukia kwa sababu hiyo, nami naona hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Danzi linastahili muda zaidi kuliko yote. Ganda lake hukamuliwa kupata mafuta machungu na makavu. Maua yake yakipitishwa kwenye mvuke hutoa neroli, yenye ulaini na ubichi kwa pamoja. Majani na vijiti vyake hutoa petigreni, ambayo ni ya kijani na ina ukavu wa mti. Anayeweza kuzitofautisha harufu hizo tatu za mti mmoja amekwisha kupata nusu ya elimu hii. Bergamoti, tunda la jamii ya machungwa ambalo hulimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, si rahisi kuipata sokoni kwetu, lakini hutiwa katika chai ya Earl Grey. Ukiipata dukani, nusa majani makavu, utambue ulaini unaokaribia ule wa lavenda.

Sasa chukua chupa, na ujiulize tunda limekalia nini. Johann Maria Farina, aliyetengeneza manukato mjini Cologne, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18, alitumia bergamoti na matunda ya jamii yake kwa namna nyepesi, na hisia ya manukato hayo ni ya mtu aliyetoka kuoga. Jacques Guerlain, mtengeneza manukato Mfaransa, alipotoa Shalimar mwaka 1925, aliiweka bergamoti nyingi juu ya vanila na harufu nzito za utomvu, na tunda lilelile likageuka kuwa la usiku. Katika Eau Sauvage, manukato ya Dior ya mwaka 1966, Edmond Roudnitska aliliunganisha limau na hedioni, kemikali yenye harufu ya asmini yenye hewa nyingi, na ukali wa limau ukapata nafasi ya kupumua. Nyumbani unaweza kufanya jaribio dogo la namna hiyo: nusa ganda la chungwa karibu na ubani, kisha karibu na tangawizi iliyokatwa, kisha karibu na iliki, ukiangalia jinsi chungwa linavyobadilika kila mara.

Jaribu asubuhi, ndani ya nyumba, kabla jua halijachoma na kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, na usijaribu ukiwa umetoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kwani harufu ya dagaa hukaa puani na kwenye nguo. Pulizia karatasi nyeupe mara moja na kifundo cha mkono mara moja, usisugue, kisha unuse baada ya dakika 5, dakika 20, saa 1 na saa 3. Manukato mawili au matatu kwa siku yanatosha. Pua ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe.

Usijipake mafuta ya ndimu, limau au bergamoti yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda, wala maji ya ndimu, kisha ukatoka juani: yana kemikali ambazo, zikikutana na mwanga wa jua, huunguza ngozi na kuacha mabaka. Manukato ya kiwandani kwa kawaida hutumia bergamoti iliyoondolewa kemikali hizo. Hata hivyo, ukienda ziwani mchana, pulizia nguo.

Chupa iweke kabatini, mbali na dirisha, na kamwe usiiache ndani ya gari. Limonini ikikutana na hewa na joto huharibika, ikapoteza mng'ao wake na kuweza kuwasha ngozi. Chupa iliyobaki robo ihamishie kwenye ndogo, au uimalize upesi.