Kusoma logi ya seva ya saa GPS inapopotea

Seva ya saa, yaani kifaa kinachogawa saa sahihi kwa kompyuta za mtandao, inayochukua muda wake GPS haizimiki setilaiti zikipotea. Inaendelea kutoa saa kwa kutegemea kristali ya ndani, na watumiaji hawahisi kitu mpaka saa ianze kuteleza. Kwa hiyo usisubiri malalamiko, na usikimbilie kupanda paa kwenye antena. Anza na logi, yaani orodha ya matukio ambayo kifaa hujiandikia.

1. Ihifadhi kwanza

Pakua logi yote kabla ya kuzima na kuwasha kifaa. Vifaa vingi huiweka kwenye kumbukumbu ya muda, na ukizima imekwenda. Kisha angalia saa za logi ni za UTC (saa ya kimataifa) au za eneo lako, maana bila hilo hatua ya 3 itakupoteza.

2. Tazama umeme wa antena

Antena yenye kikuza mawimbi hupata umeme, mara nyingi volti 5, kupitia kebo ileile inayoleta mawimbi, na kipokezi, sehemu ya seva inayopokea mawimbi hayo, hupima mkondo wake. Logi ikisema hakuna mkondo, kebo imekatika au koneta imelegea. Ikisema mkondo umezidi, kuna shoti. Ikiwa maonyo haya huja mvua inaponyesha na kuondoka jua likiwaka, fungua koneta za nje utafute maji.

Ila kama antena moja inagawiwa vipokezi kadhaa kwa kigawanyaji, usiuamini ujumbe huu. Huenda kipokezi chako kinapima kigawanyaji tu, na kitasema antena ni nzima hata ikiwa haipo.

3. Panga nyakati za kupotea

Hapa ndipo penye jibu mara nyingi, ingawa mafundi wengi husoma maneno ya onyo na kuruka saa yake. Andika kila tukio la kupoteza setilaiti: siku, saa ya kuanza, saa ya kurudi. Tuseme umepata hivi:

Jumatatu 14:20 hadi 14:41
Jumanne 14:16 hadi 14:37
Jumatano 14:12 hadi 14:33

Kila siku tukio limewahi kwa dakika 4. Setilaiti za GPS hurudia mpangilio uleule angani kila baada ya saa 23 na dakika 56 hivi, kwa hiyo tatizo hili linafuata anga: ukuta, mti au tangi linaziba upande fulani, na setilaiti zikifika upande huo kipokezi kinabaki mikono mitupu. Dawa ni kuihamisha antena. Kununua mpya ukaifunga palepale hakutabadilisha kitu.

Lakini kama ni 14:20 kila siku bila kusogea, au siku za kazi pekee, huyo ni binadamu au mashine yake. Tafuta kinachowashwa saa hiyo, au gari linalopita na kifaa cha kuvuruga GPS.

Kanuni ya dakika 4 ni ya GPS. Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, hurudia mpangilio wake baada ya siku 10 hivi, kwa hiyo kipokezi kinachochanganya mifumo huficha dalili. Kiache na GPS peke yake kwa siku chache, kama mtambo unaruhusu.

4. Linganisha nguvu ya mawimbi

Setilaiti iliyo juu angani ikisomeka 40 dB-Hz (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele) au zaidi, uko vizuri. Chini ya 30 ni dhaifu. Zikiwa dhaifu zote muda wote, shuku kebo, koneta au antena. Zikianguka zote kwa mpigo, mkondo wa antena ukiwa wa kawaida, kisha zikarudi zenyewe, shuku mwingiliano wa mawimbi. Zikianguka za upande mmoja tu, rudi hatua ya 3.

5. Mambo mawili yanayodanganya

Kipokezi kinachojua mahali kilipo huweza kutoa muda kwa setilaiti 1 tu. Kikiwashwa upya kinahitaji 4 ili kupata mahali pake, kwa hiyo antena mbovu iliyovumiliwa kwa muda mrefu hujulikana siku ya kuzima na kuwasha.

Na tarehe ikiruka nyuma miaka 19 na zaidi, antena haina kosa. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila wiki 1024, kama ilivyokuwa usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na programu ya zamani ya kipokezi hupotea hapo. Tafuta toleo jipya la programu.

Ukishatengeneza, andika saa uliyomaliza, kisha acha logi iende siku kadhaa na ukague kipindi kilekile cha siku, ukiondoa dakika 4 kwa kila siku iliyopita.