Kitabu Kimoja kwa Timu Nzima: Namna ya Kuanzisha Usomaji wa Pamoja Kazini

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo takriban watu wazima milioni mbili walikutana katika vikundi vidogo kwa muda wa wiki 12. Walisikiliza kipindi kimoja cha redio, wakasoma kijitabu kimoja, wakajadiliana, kisha kila kikundi kikaamua jambo la kutekeleza kijijini kwake, kama vile kuchimba vyoo au kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Utaratibu huo wa kusoma, kuzungumza na kuamua unafaa mno katika sehemu za kazi za leo, na mtu yeyote anayesimamia watu wanane au ishirini anaweza kuuanzisha bila kusubiri bajeti ya mafunzo.

Kabla ya kueleza hatua, ni lazima ieleweke kwa nini jambo hili hufanya kazi, maana asiyeelewa sababu ataliharibu katika wiki ya kwanza. Katika kikao cha kawaida cha kazi kila kauli ina mwenyewe. Anayesema kwamba taarifa hazifiki kwa wakati anaonekana kumsema mtu fulani aliyeketi hapo hapo, na kwa hiyo wengi huchagua kunyamaza, kisha hulizungumza jambo lenyewe wakiwa njiani kwenda kupanda daladala. Kitabu kikiwekwa mezani, mazungumzo hupata mahali pa kuanzia ambapo si pa mtu yeyote. Dereva na mhasibu mkuu wote wanakuwa wasomaji wa ukurasa ule ule, na dereva anaweza kuwa ndiye aliyeusoma vizuri zaidi. Masharti yote yanayofuata yamewekwa ili kulinda hali hiyo.

Uchaguzi wa kitabu ndio wenye uzito kuliko yote. Viongozi wengi hukimbilia vitabu vya uongozi na mafanikio, na mimi siwashauri waanze na hivyo, kwa kuwa wafanyakazi huvipokea kama maagizo yaliyotiwa jalada: bosi ametuletea kitabu kinachosema tunayotakiwa kuwa. Hadithi nzuri haimwamuru mtu, bali humwachia ahukumu mwenyewe. Chagueni pia kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, hata kama mikataba na barua zenu zote ni za Kiingereza. Kitabu cha Kiingereza huwapa nafasi wenye shahada na kuwafunga mdomo walinzi, wahudumu na mafundi, ambao mara nyingi ndio wanaojua kasoro za kazi kwa undani.

Nitoe mfano mmoja. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu chembamba kinachoweza kumalizwa kwa wiki nne au tano bila kumchosha mtu. Ni habari ya nchi inayoelea angani, na ya Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya manufaa. Walivumilia taabu, wakarudi na mapendekezo, na malipo yao yakawa kifungo. Sasa chukulia kwamba kitabu hiki kinasomwa na watu wa ghala moja la vipuri. Mwendeshaji anauliza: kwa nini nchi iwatume watu kisha iwafunge kwa waliyoyaleta? Panakuwa kimya kidogo. Kisha mtunza stoo anasema, "Mzee, wajumbe hata hapa wapo. Ukitoa taarifa kwamba mzigo umefika ukiwa na upungufu, barua ya kujieleza inakuja kwako." Hakumtaja mtu wala hakumshtaki meneja, amezungumzia kitabu, na kila aliyepo ameelewa. Kuanzia siku hiyo timu ina neno lake, na mtu akisema "mimi leo ni mjumbe," wenzake wanajua kwamba analeta habari isiyopendeza na kwamba anaomba asikilizwe kwanza kabla ya kuulizwa kosa ni la nani. Neno la namna hiyo halipatikani katika semina ya siku moja hotelini.

Kuhusu nakala, nunueni. Nakala moja kwa watu wawili inatosha ikiwa wanakaa karibu, na gharama ibebwe na ofisi. Kutoa fotokopi ya kitabu kizima kunamnyima mwandishi na mchapishaji haki yao, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999.

Gaweni kitabu katika sehemu za kurasa 20 hivi kwa wiki. Msomaji wa kawaida hazimchukui zaidi ya saa moja, na anaweza kuzigawanya kati ya safari ya asubuhi na mapumziko ya mchana. Kikao kiwe ndani ya saa za kazi, kwa dakika 45, siku ile ile kila wiki. Wanaopanga kikao baada ya saa kumi na moja jioni huwaondoa bila kukusudia akina mama wenye watoto wadogo na wote wanaoishi mbali, kisha hulalamika kwamba wafanyakazi hawapendi kusoma. Penye zamu, kama hospitalini au kiwandani, fanyeni vikao viwili vya sehemu ile ile. Msiweke posho ya kikao. Ikishawekwa, watu watakuja kwa ajili ya karatasi ya mahudhurio.

Mwendeshaji abadilike kila wiki, na kazi yake si kufundisha. Aandae maswali matatu tu, na swali la "mmeelewa?" lisiwe miongoni mwao, kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Swali zuri la kuanzia ni hili: ni mahali gani katika sehemu hii ulisimama ukarudia kusoma? Kila mtu ana jibu, na hakuna jibu lisilo sahihi. Baada ya hapo mtu mmoja asome kwa sauti aya iliyotajwa, jambo ambalo linampa nafasi hata yule aliyelemewa na kazi wiki hiyo asisome. Huyo naye aruhusiwe kuingia, tena bila kusemwa. Mkuu wa kitengo ahudhurie, asome kama wengine, na azungumze mwisho. Akizungumza kwanza, wengine wote watazungumza kwa kumfuata yeye.

Sharti moja halina mjadala: lililosemwa katika kikao cha kitabu lisitumike katika upimaji wa utendaji kazi wala katika shauri la nidhamu. Litamkwe wazi siku ya kwanza na mkuu mwenyewe, na si kwa tangazo la ubaoni. Likivunjwa mara moja tu, watu wataendelea kuja, lakini watazungumzia hali ya hewa ya Kusadikika na hawatagusa tena jambo la ghala lao.

Dakika kumi za mwisho ziwe za kuamua, kama walivyofanya wale wa mwaka 1973. Jambo liwe dogo na lijaribiwe kwa wiki moja: kwa mfano, kila upungufu wa mzigo uandikwe kwenye daftari la mapokezi, mbele ya dereva, na aliyeuandika asiulizwe chochote mpaka chanzo kijulikane. Wiki inayofuata muulizane imekuwaje kabla ya kufungua kitabu. Timu nyingi hukosea hapa kwa kufurahia mazungumzo na kuondoka mikono mitupu.

Usomaji huu una mipaka. Pale mishahara inapocheleweshwa au watu wanapofanya kazi bila mikataba, riwaya haifai kutangulizwa, kwani wafanyakazi wataiona kuwa njia ya kuwafunga macho. Hapo afadhali someni pamoja, sehemu kwa sehemu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, meneja akiwemo. Nimeiweka mwisho, lakini ni miongoni mwa usomaji wenye faida kubwa, kwa kuwa ugomvi mwingi wa likizo, saa za ziada na notisi hutokana na kila upande kusikia sheria kwa wengine badala ya kuisoma.

Kitabu cha kwanza kikiisha, pumzikeni wiki mbili, kisha cha pili kichaguliwe kwa kura kutoka katika orodha iliyopendekezwa na wafanyakazi wenyewe. Mwajiriwa mpya apewe nakala ya kile cha kwanza katika juma lake la kwanza kazini, na mmoja wa wenzake, asiye mkubwa wake, akae naye kumweleza ni mambo gani ya kazini yalibadilika kilipokuwa kikisomwa.